Michi-no-eki za Japani: kama huwezi kufika asubuhi, usilaumu

Mkuu, umeuliza kama mtakapozunguka Chiba, mkoa jirani na Tokyo, na shemeji na watoto kwa gari la kukodi kuna haja ya kusimama kwenye michi-no-eki, vile vituo vya mapumziko kando ya barabara, au ni pa kuchimba dawa tu na kuendelea na safari. Mimi nina mwaka wa sita huku. Jibu langu: anza kupanga siku na hizo, mengine yatajipa.

Jina lenyewe maana yake ni stesheni ya barabara. Mwaka 1993 zilisajiliwa 103 za mwanzo, sasa zimepita 1,200 nchi nzima. Sharti mojawapo ni maegesho na vyoo kuwa bure saa 24. Usizichanganye na vituo vya kwenye barabara kuu za kulipia. Hizi ziko kwenye barabara za kawaida, na nyingi hazina pampu ya mafuta.

Ila utamu wake ni soko la wakulima. Mara ya kwanza nilifika saa tisa alasiri, nikakuta meza zimebaki na vibandiko vya bei na mafungu mawili ya mboga zilizonyauka. Nikasema watu wanatia chumvi. Safari ya pili nikawahi kabla hapajafunguliwa. Mzee mmoja akaja na kigari cheupe, hizi hizi tunazoziita kirikuu, akashusha figili nyeupe ndefu kama mkono, udongo bado umeshika kwenye mizizi. Kila moja akaibandika karatasi yenye jina lake na bei aliyoipanga mwenyewe. Bibi mmoja akaja akapanga za kwake pembeni, yen 20 chini. Milango ilipofunguliwa, za bibi ndizo zilizoanza kwisha.

Kituo kinakata kamisheni yake, mkulima anachukua kinachobaki, na kisichouzika jioni anakifuata mwenyewe. Ndiyo maana usiombe kupunguziwa. Mimi nilijaribu, kwa Kijapani changu cha kuokoteza. Dada wa kaunta akanionyesha kwa kidole jina la mkulima kwenye kibandiko, akainama kuomba radhi. Nikalipa haraka nikatoka.

Kwa kuwa mna watoto, wapelekeni Hota Shogakko, mji wa Kyonan. Ilikuwa shule ya msingi, ikafungwa mwaka 2014 kwa kukosa wanafunzi, Desemba 2015 ikafunguliwa upya kama michi-no-eki. Ukumbi wa mazoezi ndio soko, madarasa ya juu yamekuwa vyumba vya kulala wageni, na mnaweza kula chakula cha sinia kama wanachokula wanafunzi wa huko. Mimi goti liligonga dawati, nikala nimekaa upande. Mkienda majira ya baridi, milima ya karibu inachanua maua meupe ya suisen.

Mkishuka zaidi kusini kuna Tomiura, nyumbani kwa biwa, tunda la rangi ya chungwa lenye mbegu kubwa za kahawia. Matunda yenyewe freshi ni Mei na Juni, ila aiskrimu yake ipo hata msimu ukipita. Na msishangae kukuta karanga za kuchemsha. Chiba ndiyo inayoongoza Japani nzima kwa karanga, nami siku ya kwanza nilinunua pakiti tatu nikazimaliza kabla sijawasha gari.

Kama hamli nguruwe, ulizeni hata kwenye kari na supu ya tambi, maana huwa yumo bila kuonekana. Migahawa mingi unanunua tiketi kwenye mashine kwanza, kwa hiyo wekeni sarafu na noti za yen 1,000. Takataka zenu rudini nazo, mapipa ni ya kutafuta. Kusinzia kidogo kwenye gari ruksa, kugeuza maegesho kuwa gesti hapana.

Halafu ile sauti ya dada wa Kijapani inayowasemesha wenye IST pale Dar kila wakiwasha gari, kuhusu kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara bila kusimama getini? Huku isikilize. Omba hiyo kadi unapokodi gari, maana mkipita Aqua-Line, barabara ya kulipia inayovuka Ghuba ya Tokyo, kutoka Kawasaki itawarahisishia getini.