Maswali ya Wasomaji: Range Rover ya mtumba kwa fedha za korosho

SWALI: Ndugu Mshauri, assalamu alaikum. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba. Msimu huu Mwenyezi Mungu amejalia, mnada ulikwenda vizuri, malipo yameingia benki, na baada ya miaka mingi ya pikipiki na Noah nimeamua kununua gari la heshima. Dalali mmoja wa Dar es Salaam amenionesha Range Rover Sport ya mwaka 2010 iliyotoka Uingereza, ya dizeli, injini ya lita 3.0, namba D, kwa shilingi milioni 45. Viti ni ngozi tupu, rangi inang'aa, na anasema limetembea kilomita 118,000 tu. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa lori, ananikataza kabisa. Anadai hilo ni gari la watu wa Masaki, mtaa wa matajiri wa Dar es Salaam. Nikague nini kabla ya kutoa fedha, na je, gari hilo linamfaa mtu anayeishi Tandahimba na kwenda Mtwara mjini mara mbili kwa wiki? (Mkulima, Tandahimba)

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yetu, na hongera kwa msimu. Nitaanza na bei, kwa kuwa ndiyo iliyokuvuta, na ndiyo inayowavuta wengi wanaoniandikia wakati kama huu, ambapo madalali wanajua fika kwamba malipo ya vyama vya msingi yameshaingia. Gari hilo lilipokuwa jipya liliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 40,000. Limeshuka bei kwa sababu limezeeka, lakini spea zake hazikushuka pamoja nalo: kompresa ya shokapu za upepo, turbo, pampu ya dizeli na kompyuta ya gia boksi bado zinauzwa kwa bei ya gari la thamani ile ya awali. Kwa hiyo milioni 45 ni bei ya kuingilia tu. Mtu anayetoa fedha zake zote siku ya kununua, akabaki na za mafuta peke yake, amenunua gari ambalo huenda likalala uani kabla ya msimu ujao wa korosho.

Hoja ya shemeji yako ina uzito, ingawa mimi ningeisema kwa namna nyingine. Tatizo ni umbali kati ya gari na fundi wake, wala si suala la nani anastahili kuliendesha. Mtwara na Masasi kuna mafundi hodari wa Toyota, Nissan, Fuso na Scania, na kwa magari hayo sina wasiwasi nao hata kidogo. Range Rover ya kizazi hicho, hata hivyo, ina kompyuta nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na hitilafu ndogo ya waya mmoja inaweza kuwasha taa tatu za onyo zisizohusiana na chanzo chake. Fundi asiye na mashine ya kupimia inayolifahamu gari hilo atabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na kila jaribio unalilipia wewe. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560, na kulipeleka huko gari lililokufa kunahitaji lori la kubeba magari. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara eneo la Somanga, hata lori lisingepita. Kabla hujauliza lolote kuhusu gari lenyewe, tafuta kwanza fundi mmoja, wa Mtwara au wa Dar es Salaam, ambaye ameshafungua injini za aina hiyo, umwulize atakutoza kiasi gani kwa kazi zinazojulikana.

Kazi zinazojulikana ni zipi? Ya kwanza, na ndiyo inayotisha zaidi, ni krenki, yaani mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni. Injini za dizeli za V6 za Land Rover, ile ya lita 2.7 na hii ya lita 3.0, zina historia ya beringi za krenki kulika na, katika hali mbaya, krenki yenyewe kukatika. Si kila injini hupatwa na hayo, lakini ikitokea hakuna cha kurekebisha, ni injini nyingine. Uingereza magari hayo yalipangiwa kubadilishwa oili baada ya zaidi ya kilomita 20,000, na mafundi wengi wanaona muda huo ni mrefu mno. Mimi ni mmoja wao. Ukilinunua, badilisha oili kila baada ya kilomita 8,000, tena oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, si yoyote iliyopo dukani. Wakati wa ukaguzi, mwombe muuzaji akubali oili imwagwe kwenye beseni safi na filta ikatwe mbele yako. Ukiona chembe zinazometameta kama unga wa bati, funga mazungumzo hapo hapo. Muuzaji atakayekataa oili isimwagwe, ilhali gharama ya oili mpya ni yako, amekwisha kujibu swali lako.

Ya pili ni mikanda ya taimingi, ile inayofanya sehemu za injini zizunguke kwa mpangilio. Injini hiyo haitumii cheni mbele, inatumia mkanda, na ina mkanda mwingine mdogo nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, ambao mafundi wasioifahamu injini huusahau. Gari la 2010 lisilo na risiti ya kubadilishwa mikanda hiyo lihesabu kuwa halijabadilishwa, na upunguze gharama hiyo kwenye bei. Kuhusu turbo nitasema kwa ufupi: nafasi iliyopo kwenye boneti ni finyu kiasi kwamba mafundi wengi huona nafuu kuinua bodi nzima juu ya chesisi ili kuifikia. Ukitajiwa bei ya ufundi ukashangaa, sababu ni hiyo.

Sasa shokapu za upepo, ambazo kwa barabara yako ya Mtwara, Nanyamba na Tandahimba ndizo zitakazokusumbua kwanza. Gari hilo halikalii springi za chuma bali mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa na kompresa. Mpira huo ukizeeka hupasuka kwenye mikunjo, ambako vumbi na mchanga hujikusanya, na hewa huvuja taratibu. Kompresa, ambayo kazi yake ni kujaza kwa muda mfupi na kupumzika, hulazimika kufanya kazi muda wote hadi inaungua. Wengi hununua kompresa mpya, wakaifunga, ikaungua nayo baada ya muda, kwa kuwa chanzo, yaani mfuko unaovuja, kilibaki pale pale. Kipimo chake ni rahisi, na nakusihi ukifanye mwenyewe badala ya kumwachia dalali. Liegeshe gari mahali tambarare jioni, chukua futi ya fundi nguo au ya seremala, pima kutoka katikati ya rimu hadi kwenye ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne, uandike. Rudi alfajiri upime tena kabla gari halijawashwa. Kona iliyoshuka ina mvujo. Kisha liwashe, lipandishe hadi kimo cha juu na kulishusha, ukisikiliza: kompresa inayokoroma kwa muda mrefu, au gari linalopanda upande mmoja kwanza kwa kusitasita, ni habari mbaya. Wapo wanaong'oa mfumo wote na kufunga springi za chuma, nami siwalaumu kwa mtu wa vijijini, ila ujue kwamba ulaini uliokufanya ulipende gari hilo utakuwa umeuacha gereji.

Ukienda kulikagua, fika bila kutoa taarifa ya saa kamili, na weka kiganja juu ya boneti kabla ya kuwasha. Likiwa la moto, limepashwa kabla hujafika, na injini ya dizeli yenye kasoro huzificha vizuri ikiwa na joto. Nenda na fundi mwenye mashine inayosoma kompyuta zote za Land Rover, kwani vile vifaa vidogo vya bei nafuu husoma injini peke yake na kuacha gia boksi, breki na shokapu. Mwombe pia aangalie kama vipimo ambavyo kompyuta ya injini hujifanyia yenyewe vimekamilika. Vikionekana bado havijakamilika, huenda kumbukumbu za hitilafu zimefutwa hivi karibuni, au betri ilichomolewa, na muuzaji akueleze kwa nini.

Kuhusu hizo kilomita 118,000, kuna njia ambayo wanunuzi wetu wengi hawaitumii. Uingereza gari likifikisha umri wa miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na matokeo ya ukaguzi huo, pamoja na maili zilizosomwa siku hiyo, yamewekwa wazi bila malipo kwenye tovuti ya serikali yao. Unachohitaji ni namba ya usajili ambayo gari lilikuwa nayo huko, na hiyo imo kwenye nyaraka za kuliingiza nchini. Ukiipata, utasoma kwenye simu yako maili za kila mwaka, na pia maoni ya wakaguzi kuhusu kutu. Kutu ni jambo la kulitazama kwa makini, kwa sababu wakati wa baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi na mabomba ya breki kwa chini, mahali ambapo rangi inayong'aa haifiki. Gari la namna hiyo likiletwa kuishi karibu na upepo wa bahari wa Mikindani halipati nafuu. Lipandishwe juu, na uingie chini mwenyewe na tochi.

Neno moja kuhusu "namba D", kwa kuwa umeitaja kama sifa. Herufi hiyo inaonesha gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, haioneshi liliundwa mwaka gani wala limeteseka kiasi gani kabla ya hapo. Kwenye karatasi, hakikisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma, iliyo chini ya kioo cha mbele na iliyo kwenye kadi ni moja. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Na umwone mwenye jina lililo kwenye kadi ana kwa ana, kwa sababu kadi iliyoko benki kama dhamana ya mkopo haitakuja kwako kwa maneno ya dalali. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na uhamishaji wa umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA) ukamilike kabla ya kumalizia malipo.

Ushauri wangu kwako, ukizingatia unapoishi, ni kwamba usilinunue kwa bei hiyo. Kwa fedha hizo tafuta Prado ya zamani zaidi iliyotunzwa. Kama moyo umeng'ang'ania Range Rover, basi liwe la pili nyumbani, ile Noah ibaki, na theluthi ya bajeti yako iwekwe pembeni kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Hapa Masasi kuna Prado ya dizeli ambayo ilikuwa ya mradi, yenye namba za DFP, na sasa inauzwa na mtu binafsi anayedai alipewa mradi ulipofungwa. Ipo katika hali nzuri na bei yake ni ya chini mno. Nichukue? (Mwalimu, Masasi)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Bei ni ya chini kwa sababu inawezekana kodi haijalipwa. Namba za DFP hutolewa kwa magari ya miradi ya wafadhili, na magari hayo mara nyingi huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha huo ni wa mradi, si wa gari, kwa hiyo likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na anayekamatwa nalo ni yule aliye kwenye usukani. Mwambie muuzaji akuoneshe barua ya mradi ya kulitoa gari, uthibitisho wa malipo kutoka TRA, na kadi yenye namba za kawaida na jina lake. Vikikamilika, nunua bila woga, maana magari ya miradi kwa kawaida hufanyiwa matengenezo kwa ratiba na daftari lake huwepo, liombe nalo. Visipokamilika, usitoe hata "kishika uchumba", na usikubali hadithi ya kwamba mtakamilisha pamoja baadaye. Tahadhari hiyo hiyo itumike kwa magari yenye namba za Msumbiji yanayovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kwa kibali cha muda.

SWALI: Nina nafasi ya kupata Land Cruiser 200 ya petroli, V8, kutoka Japani. Naishi Lindi na ninakwenda Nachingwea na Dar es Salaam kikazi. Mafuta yatanimaliza? (Mkandarasi, Lindi)

JIBU: Kwa gari hilo weka hesabu ya kilomita 5 hadi 6 kwa lita, ukibahatika barabara iwe nzuri na mguu uwe mwepesi. Safari ya Lindi hadi Dar es Salaam itakula karibu lita 80 au zaidi kwenda peke yake. Zidisha kwa bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ya mwezi huo kwa mkoa wako, halafu uone kama kazi zako zinalipa. Injini yenyewe ni imara kuliko nyingi nilizozitaja juu, na spea zake hazikutafutishi sana. Kwa gari la Japani, omba karatasi ya mnada kwa namba ya chesisi: alama ya R au RA kwenye daraja la gari huonesha kwamba liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Kama atakuonesha picha ya karatasi hiyo iliyokatwa juu, mwombe nzima.