Maswali ya Wasomaji: Uvimbe Sugu wa Sainasi Hutambuliwaje, na Hutulizwaje?

Swali

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34. Tangu mwaka jana pua yangu imeziba, kamasi nzito hunishukia kooni hasa nikiamka, na ladha ya chakula naisikia kwa mbali tu kwa kuwa harufu siipati. Nimeandikiwa antibiotiki mara kadhaa, na kila nikimaliza dozi napata nafuu kidogo, kisha hali inarudi kama ilivyokuwa. Picha ya eksirei ilionyesha kuwa sainasi “zimejaa”. Je, nina kijidudu sugu kisichosikia dawa?
*Msomaji aliyechoka*

Jibu

Marahaba, dada, na pole kwa mateso ya muda mrefu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu barua zinazofanana na yako ni nyingi, na kwa sababu naamini wagonjwa wengi wa aina yako hutibiwa ugonjwa ambao sio walio nao.

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, navyo ni jozi nne: mashavuni, kwenye paji la uso, katikati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Utando unaovifunika kwa ndani hutoa ute, na vijinywele visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo kuelekea kwenye kitundu chembamba kinachofungukia puani. Katika sainasi za mashavuni kitundu hicho kiko juu ya ukuta, wala si chini, kwa hiyo ute hautoki kwa uzito wake bali hupandishwa na vijinywele hivyo. Utando ukivimba, kitundu huziba, vijinywele hulegea, na ute hutuama na kuwa mzito. Bakteria wanaweza kujistawisha humo, lakini kwa wagonjwa wengi wa muda mrefu wao si chanzo cha tatizo. Chanzo ni utando wenyewe ambao umewaka na haupoi, kwa namna inayokaribiana sana na njia za hewa za mtu mwenye pumu. Ndiyo maana jibu la swali lako, kwa uwezekano mkubwa, ni hapana: huna kijidudu kilichoshinda dawa, bali una uvimbe ambao antibiotiki haikutengenezwa kuutuliza.

Utauliza basi, mbona nafuu naipata? Ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe, na mtu humeza dawa siku zile umepanda, kwa hiyo kushuka kwake huhesabiwa kuwa ni kazi ya dawa. Isitoshe, baadhi ya antibiotiki zina uwezo kiasi wa kutuliza uvimbe, mbali na kuua bakteria. Kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu, mabingwa huutumia uwezo huo kwa makusudi, lakini hilo ni tofauti kabisa na kurudia dozi ileile kila pua inapoziba.

Sasa tuje kwenye utambuzi, ambako ndiko mambo mengi huharibika. Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 10 hivi, ingawa mabaki yake yanaweza kuvuta hata wiki kadhaa. Tunaanza kuzungumzia ugonjwa sugu pale dalili zinapofikisha wiki 12 bila kukoma, na kwa mtu mzima tunatafuta angalau dalili mbili kati ya nne: pua kuziba, kamasi inayotoka mbele au kushuka kooni, maumivu au mgandamizo usoni, na kupungua kwa uwezo wa kunusa. Moja kati ya hizo mbili lazima iwe kuziba au kamasi. Wewe unazo tatu, na muda umepita mbali. Hata hivyo dalili peke yake hazitoshi, kwa kuwa mzio wa vumbi au chavua unaweza kuziba pua mwaka mzima bila sainasi kuguswa. Ni lazima uvimbe uonekane, na ama daktari bingwa wa masikio, pua na koo auone kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, ama uonekane kwenye picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha sehemu za ndani kipande kwa kipande.

Kipimo cha kamera hakina sababu ya kukuogopesha. Pua hupuliziwa dawa ya ganzi, kisha mrija usiozidi unene wa penseli hupitishwa kwa dakika chache, ukiwa umekaa na huku unapumua kwa mdomo. Daktari huangalia kama kuna usaha unaotiririka kutoka kwenye eneo ambamo sainasi hufungukia, kama utando umevimba, au kama kuna vinyama laini vya rangi ya kijivu vinavyong’aa. Eksirei ya kawaida haioni hayo kwa uhakika, na neno “zimejaa” kwenye majibu yake nisingelijengea matibabu ya mwaka mzima. Hata picha ya CT, ambayo ni bora zaidi, hudanganya ikipigwa katikati ya mafua, kwa kuwa mafua ya kawaida tu hujaza sainasi kwa siku chache. Wakati mzuri wa kuipiga ni baada ya matibabu ya wiki kadhaa, ili ionyeshe kilichobaki.

Matibabu ya msingi ni mawili, na yote mawili hudharauliwa kwa sababu ni mepesi. La kwanza ni kuosha pua kwa maji mengi ya chumvi, mara moja au mbili kwa siku. Chukua robo lita ya maji yaliyochemka kwa dakika moja kamili (dakika tatu kwa wakazi wa nyanda zinazozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari) yakapoa hadi uvuguvugu, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, na ikiwezekana iwe isiyoongezwa madini joto, kwa kuwa yenye madini hayo inawasha kidogo zaidi. Inama juu ya sinki, fungua mdomo, ingiza puani ncha ya chupa ya kubinya yenye maji hayo, ielekeze upande wa nyuma wa kichwa na si juu kuelekea kwenye ubongo, kisha binya polepole mpaka maji yatokee pua ya pili. Naomba usiruke hatua ya kuchemsha. Yapo maji yanayofaa kunywewa lakini hayafai kuingizwa puani, kwa sababu ya aina adimu ya amiba anayepanda kutoka puani hadi ubongoni na kuua. Chupa nayo ioshwe na ikaushwe kila baada ya matumizi.

La pili ni dawa ya kupuliza puani ya jamii ya steroidi, yaani dawa zinazotuliza uvimbe, kama vile mometasone, fluticasone au budesonide. Najua neno steroidi linatisha, lakini mpulizo mmoja wa dawa hizi kwa kawaida hubeba mikrogramu chache tu, kama 50 kwa mometasone, wakati vidonge vya steroidi hupimwa kwa miligramu, ambazo ni kubwa mara elfu. Kinachowaangusha wengi ni namna ya kupuliza. Usirudishe kichwa nyuma. Inamisha uso kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto na mkono wa kushoto kwa pua ya kulia, ili ncha ya dawa ielekee nje, upande wa sikio, na si kwenye ukuta wa katikati ya pua, ambao ukipigwa na dawa kila siku hutoa damu. Puliza huku ukivuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu, dawa itaishia kooni na utaionja badala ya kutibiwa nayo. Ipulize baada ya kuosha pua, si kabla. Usihukumu matokeo kabla ya wiki 8 hadi 12 za matumizi ya kila siku, maana dawa hii haifungui pua papo hapo.

Matone yanayofungua pua mara moja, yenye dawa kama xylometazoline au oxymetazoline, yanafaa kwa siku tatu, na yasizidi tano. Baada ya hapo pua huyazoea, na kila yakiisha nguvu inaziba kuliko mwanzo. Kama unayatumia kila siku, mweleze daktari, kwa kuwa huenda sehemu ya tatizo lako ni hiyo.

Swali

Daktari, mimi husumbuliwa na sainasi ya kichwa. Maumivu hunikamata kwenye paji na nyuma ya jicho, hudumu siku nzima, mwanga unanikera, na wakati mwingine natapika. Pua haizibi sana, ila hutoa maji kidogo. Dawa za sainasi hazinisaidii. Nifanye nini?
*Mwalimu*

Jibu

Mwalimu, ulivyoeleza maumivu yako ndivyo wagonjwa wa kipandauso wanavyoyaeleza. Katika utafiti mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, watu karibu 3,000 walioambiwa, au walioamini wenyewe, kwamba wana maumivu ya kichwa ya sainasi walichunguzwa upya, na asilimia 88 kati yao walikuwa na dalili za kipandauso. Maji puani hayakanushi jambo hilo, kwa sababu neva inayopeleka maumivu ya kipandauso ndiyo hiyohiyo inayohudumia pua na macho, na ikiamka inaweza kuleta maji puani na machozi.

Maumivu makali yasiyo na pua iliyoziba wala kamasi nzito ni nadra kuwa uvimbe sugu wa sainasi, ambao maumivu yake kwa kawaida ni mgandamizo wa wastani. Mwone daktari ukiwa na kumbukumbu ya maandishi: maumivu yalianza lini, yalidumu saa ngapi, ulikuwa umelala au umekula vipi, na ulimeza nini. Kipandauso kina dawa zake, na huna sababu ya kuendelea kuteseka chini ya jina lisilo lako.

Swali

Baba yangu ana miaka 61. Kamasi yenye harufu mbaya humtoka pua ya kulia tu, na mara mbili ameona damu. Tumsubirie?
*Kijana wake*

Jibu

Hapana, msisubiri. Uvimbe sugu wa sainasi kwa kawaida hushika pande zote mbili. Ukibaki upande mmoja, tunatafuta sababu ya pekee: mara nyingi ni gego la juu lililooza, kwa kuwa mizizi yake hukaribiana na sakafu ya sainasi ya shavuni, au ni bonge la fangasi, na wakati mwingine ni uvimbe wa saratani. Mzee anahitaji kamera ya pua, picha ya CT na daktari wa meno, na damu hiyo inatosha kuomba apewe nafasi ya mapema.

Wasomaji wengine nao wajue dalili zinazopeleka mtu hospitali siku hiyohiyo: jicho kuvimba, kuona vitu viwiliviwili au kuona kwa shida, uvimbe kwenye paji, maumivu makali ya kichwa yenye homa na shingo ngumu, au kuchanganyikiwa. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa au kinga iliyoshuka, maumivu ya ghafla ya uso yenye ganzi au weusi puani yasilazwe hata usiku mmoja, maana kuna fangasi anayekula tishu kwa kasi.

Swali

Nina pumu na nimeambiwa nina vinyama puani. Daktari anashauri upasuaji. Jirani yangu alifanyiwa na vikaota tena. Je, kuna faida?
*Fundi*

Jibu

Faida ipo, ndugu Fundi, ila ni vizuri uijue kwa ukweli wake. Upasuaji wa siku hizi, ulioenea tangu miaka ya 1980, hufanywa kupitia puani kwa kamera, bila kukata uso. Daktari huondoa vinyama na kupanua njia za sainasi, ili hewa ipite na dawa ifike ndani. Hauondoi tabia ya utando ya kuvimba. Kwa hiyo mtu anayeacha kuosha pua na kupuliza dawa kwa kuwa “ameshafanyiwa” anajiandalia kurudi, na jirani yako aulizwe kama aliendelea nazo. Kwa wenye pumu vinyama hurudi kwa urahisi zaidi hata wakizingatia dawa, lakini miaka ya kupumua na kunusa wanayoipata katikati si kitu kidogo, na pumu yenyewe mara nyingi hutulia pua inapotulia. Sharti ni kwamba uwe umeshajaribu matibabu ya kila siku kwa usahihi, na CT iwepo kabla ya kisu, kwa sababu jicho na ubongo viko jirani mno.

Kozi fupi ya vidonge vya steroidi huweza kusinyaza vinyama na kurudisha harufu kwa muda, lakini isirudiwe ovyo, kwani hupandisha sukari na presha na hudhoofisha mifupa. Kwa wale ambao vinyama hurudi licha ya yote, kuna sindano zinazozuia kemikali za uvimbe huo. Ya kwanza, dupilumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya vinyama vya puani. Ni ghali, na haitolewi kabla ya njia nyingine kujaribiwa.

Kabla ya miadi yako jikumbushe jambo moja na umweleze daktari bila kuulizwa: je, uliwahi kubanwa na kifua au pua kuziba ghafla ndani ya saa chache baada ya kumeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki? Kuna watu ambao pumu, vinyama na madhara ya dawa hizo huja pamoja, na kwao kidonge kimoja cha maumivu, hata kile cha baada ya upasuaji, kinaweza kuleta shambulio la pumu la kuhatarisha maisha. Kama jibu ni ndiyo, usimeze tena yoyote kati ya hizo, na hakikisha limeandikwa kwenye faili lako kabla ya siku ya upasuaji.