Ukiona kimondo, simu iache mfukoni

Kilichonishtua kwanza ni kivuli changu. Nilikuwa nje usiku, nimeinamisha kichwa, mara kivuli kikatokea ardhini na kunizunguka miguuni, kana kwamba mtu anapita nyuma yangu na taa kali. Nilipoinua macho, dude la kijani lilikuwa linakatika vipande angani. Mkono ukaenda mfukoni. Simu haijafika usoni, giza limesharudi.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Kimondo huingia kwenye angahewa kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, kidole hakikiwahi. Tumia macho: kimeanzia wapi, kimezimikia wapi, kimepita juu ya mti upi au paa lipi. Usihame uliposimama, maana alama hizo zina faida ukiwa palepale tu. Nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10 za pembe, kwa hiyo hesabu ni ngumi ngapi kutoka upeo wa macho hadi kilipozimikia. Mimi nilikimbia kuwaita wenzangu. Niliporudi, miti yote ilifanana.

Halafu hesabu sekunde. Mwanga hufika papo hapo, sauti huja ikijikokota. Kimondo kikipasuka kilomita 30 juu yako, kishindo kitakufikia baada ya dakika moja na nusu hivi. Na hili si la udadisi tu. Huko Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, watu walisogea madirishani kutazama kulikoni, kishindo kikafuata na kupasua vioo. Walioumia walikaribia 1,500, wengi wao kwa vioo hivyo. Mwanga ukiwa mkali kiasi hicho, kaa mbali na dirisha.

Andika kabla hujaongea na mtu. Mwenzangu aliapa kilikuwa chekundu, na baada ya nusu saa ya ubishi mimi mwenyewe nikaanza kukumbuka wekundu!

Wala usihangaike kukitafuta nyuma ya kilima. Kinachoonekana kuangukia hapo jirani huenda kilizimika kilomita 100 au zaidi kutoka kwako. Peleka maelezo yako kwa International Meteor Organization, shirika la kimataifa la vimondo, wana fomu mtandaoni; mielekeo iliyotajwa na mashahidi wa sehemu mbalimbali ikikutanishwa, njia ya kimondo hupatikana.

Mimi nilijaza kesho yake. Rangi niliandika kijani, kwa kusitasita. Kuhusu sauti sikuwa na la kuandika: wakati ingefika, nilikuwa ndani nabishana.