Buluu isikudanganye, hata maziwa yana ujanja wake

Siku neli yangu ya kwanza, kile kichupa cha kupimia maabarani, ilipogeuka buluu nilikimbia kumwonyesha mtunza maabara. Mama wa watu aliiinua dirishani, akaitazama, akaniuliza, "Na ile ambayo hukutia chembe iko wapi, mwanangu?" Sikuwa nayo.

Nilikuwa nikisaka haidrojeni peroksaidi kwenye maziwa. Hapa Nakuru wengi tunanunua kwa mchuuzi wa pikipiki alfajiri, na wapo wanaotia dawa hiyo ili maziwa yasiwachachie njiani. Nilichagua nanozaimu: chembe ndogo mno za oksaidi ya chuma zinazofanya kazi ya peroksidesi, kimeng'enya (kichocheo cha asili) kinachotumia peroksaidi kubadili kemikali nyingine, jambo ambalo watafiti wa China walilitangaza mwaka 2007. Palipo na peroksaidi, chembe hizo huigeuza TMB, kemikali isiyo na rangi, ikawa buluu ya kuonekana kwa macho.

Kuzitengeneza kulinipa raha. Unachanganya feriki kloridi sehemu mbili na feras kloridi sehemu moja, unadondosha amonia (fungua dirisha!), na maji yaliyofanana na strungi yanakuwa meusi ti. Sumaku niliitoa kwenye spika mbovu ya redio. Ukiiegemeza kwenye bika, weusi wote unatambaa upande huo, maji yanabaki meupe.

Basi nikarudi kuandaa ile neli isiyo na chembe niliyoulizwa. Maziwa mabichi, TMB, tone la peroksaidi, chembe hakuna. Buluu! Kumbe maziwa ya ng'ombe yana kimeng'enya chake, laktoperoksidesi, kinachofanya kazi ileile niliyokuwa nikijisifia. Nikakimbilia maziwa ya pakiti, yale ya kuwekwa kwenye friji. Wapi! Nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua vijidudu vya maradhi, lakini kimeng'enya hiki huponea. Ni mpaka nilipoyachemsha yakafura sufuriani ndipo neli isiyo na chembe ilipobaki bila rangi.

Usichemshe sampuli ya mchuuzi, lakini, maana joto hupunguza na peroksaidi yenyewe unayoitafuta. Kila sampuli ipe neli mbili, moja yenye chembe na moja bila, kisha hesabu tofauti tu. Ukiniuliza kama maziwa mabichi yanahitaji nanozaimu hata kidogo, nitakuambia kwa kujua kama dawa ipo au haipo, hapana. Ila kimeng'enya cha maziwa hutofautiana kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, kwa hiyo ukolevu wa buluu yake haukuambii dawa ni kiasi gani. Chembe, kwa upande wake, unazipima mwenyewe kwenye mizani, ukajua umetia kiasi gani.

Jingine: chembe hizi hupenda uchachu, pH (kipimo cha uchachu) kama 4, na hapo maziwa huganda. Yachuje, utumie maji yake. Weupe wa maziwa huficha buluu hafifu. Na ukilinganisha ukolevu wa buluu kwa picha za simu, zipige mahali pamoja, dakika ileile.

Siku hizi yule mama akipita mezani kwangu huhesabu neli kwanza, ndipo anisalimie.