Mtindo Unaovuma na Nembo ya Mteja: Mambo ya Kupima Kwanza

Kila mtindo unaoenea katika ubunifu wa grafiki una sababu iliyouzaa. Anayeanza kazi hii huona sura ya mtindo, akaikosa sababu. Januari 2019 Mastercard, kampuni ya kadi za malipo, iliondoa jina lake kwenye nembo ikabaki na maduara mawili yaliyopandana, jekundu na la njano. Kampuni ile ilikuwa inatumia maduara hayo tangu miaka ya 1960, watu waliyajua bila kusoma, na ilihitaji alama ya kukaa vizuri kwenye simu na saa ya mkononi. Duka la vipodozi lililofunguliwa Sinza, Dar es Salaam, mwezi uliopita halina akiba hiyo. Ukiliondolea jina, umeacha mchoro ambao hakuna anayeujua ni wa nani.

Kwa hiyo ukivutiwa na mtindo, uliza kwanza ulikuja kutatua nini. Halafu uliza kama mteja wako analo tatizo hilo.

Tuanze na nembo bapa, zisizo na vivuli wala kung'aa. Hizi zililetwa na skrini ndogo. Kialama cha kwenye kichupo cha kivinjari kina pikseli (nukta za skrini) 16 kwa 16. Hapo kivuli kinageuka uchafu na mstari mwembamba unatoweka. Mteja wa kwetu ana skrini hiyo, na ana mambo mengine zaidi: mhuri wa mpira, kofia ya kudariziwa, risiti ya mashine, na picha ya WhatsApp inayokatwa duara. Pima nembo yako katika hayo yote kabla hujaituma. Ipunguze hadi pikseli 16, kisha 48. Ichapishe nyeusi tupu kwa upana wa sentimita 2, uitoe fotokopi mara mbili. Iweke ndani ya duara uone kama pembe zimekatwa. Kwa kudarizi, herufi zikiwa fupi kuliko milimita 5 nyuzi zinashikana na jina halisomeki, kwa hiyo andaa toleo la pili lisilo na maneno madogo ya chini, yale ya "huduma bora tangu".

Usidhani ubapa ndio mwisho wa safari. Mwaka 2018 Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, iliacha herufi zake za zamani ikachukua herufi nene zisizo na vimkia (vile vijistari vya kwenye ncha za herufi), kama zilivyofanya kampuni nyingi za mavazi ya kifahari wakati ule. Zikawa zinafanana kama ndugu. Mwaka 2023 ikarudisha herufi zenye vimkia pamoja na mpanda farasi wake. Burger King, migahawa ya baga, nayo mwaka 2021 iliacha nembo yake ya 1999 ikarudi kwenye umbo la mkate iliyokuwa nalo zamani. Mvuto wa mambo ya kale unaouona sasa una mantiki hiyo: kampuni zinachimba kumbukumbu zao wenyewe ili zitofautiane. Mteja asiye na kumbukumbu ya kuchimba akivalishwa ukale wa miaka ya 1970 anakuwa amevaa nguo ya kuazima.

Rangi ndiko wengi wanakoumia, hasa sasa ambapo rangi kali zinapendwa. Kijani kinachong'aa kama #39FF14 ni mwanga wa skrini. Wino wa CMYK, yaani rangi nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), hauwezi kukitoa. Mteja ataidhinisha kwenye simu, kisha apokee vipeperushi 2,000 vyenye kijani kilichofubaa, na lawama ni yako. Geuza faili kuwa CMYK mapema, mwoneshe mteja sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile, na kama rangi ile ndiyo roho ya chapa, muulize mchapaji kuhusu wino maalumu, kwa mfano wa kuchapa fulana kwa skrini ya wavu. Maandishi madogo meusi yawe K 100 peke yake, yaani wino mweusi tu kwa asilimia 100. Ukiyajenga kwa rangi zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu mashinini kila herufi inapata kivuli cha rangi pembeni.

Rangi zinazoyeyukiana nazo zimerudi. Zinapendeza kwenye simu, lakini kwenye bango kubwa hujitokeza mistari ya ngazi ngazi. Ndiyo maana utaona kazi nyingi za sasa zina chembechembe kama za picha ya filamu. Chembechembe zile zinavunja mistari hiyo. Asilimia 2 hadi 4 inatosha. Ikizidi, uchapaji wa karatasi za kawaida unaonekana mchafu.

Kisha usomekaji. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa za mtandao kufikiwa na watu wote, unataka uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Chukua rangi ya chungwa #FF7A00. Herufi nyeupe juu yake zinapata 2.6 tu, na nyeusi zinapata 8. Wanaoanza karibu wote huweka nyeupe, kwa sababu inaonekana ya kisasa. Fikiria anayesoma tangazo lako saa saba mchana, juu ya bodaboda, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Huyo ndiye mteja wa mteja wako, na anastahili kuhudumiwa.

Hali ya giza, yaani skrini yenye mandhari nyeusi, ilienea mwaka 2019 pale Android 10 na iOS 13 zilipoiweka kwenye mfumo wenyewe. Kosa lake ni moja na linajirudia: nembo yenye maandishi meusi kwenye faili ya picha ya PNG isiyo na mandhari inapotea kabisa. Tengeneza toleo la maandishi meupe na ulikabidhi pamoja na lile la kwanza.

Mtindo wa herufi kubwa zinazojaza ukurasa mzima unatufaa kuliko mwingine wowote, na si mgeni kwetu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, na jina hilo ndilo mara nyingi linalouza vazi. Jifunze kutoka huko: maneno machache, nafasi ya kutosha kuyazunguka, na pindo linaloyashika yasielee.

Ila fonti nyingi hazikutengenezwa na mtu aliyekuwa akiwaza Kiswahili. Zijaribu kwa maneno yetu. Andika "Ilala": kama I kubwa na l ndogo hazitofautiani, fonti hiyo haifai kwa anwani wala majina. Andika "NG'OMBE" uone shimo linaloachwa na kibainishi (alama ya ') kati ya G na O. Lipunguze kwa mkono, na uhakikishe fonti inacho kibainishi chenyewe, maana baadhi ya fonti za bure hazina na programu inaazima cha fonti nyingine. Andika pia neno refu kama "tutakapowasiliana". Likikosa kuingia kwenye mstari, programu iliyowekewa lugha ya Kiingereza italikata inavyojua yenyewe, kama inavyoweza kukata "karan-ga" badala ya "kara-nga". Zima ukataji wa maneno, au ukate wewe baada ya irabu.

Kwa bango la barabarani, kadiria herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma akiwa mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25. Ukishapiga hesabu hiyo mbele ya mteja, ile orodha yake ya huduma kumi na mbili inapungua bila ugomvi.

Picha za akili bandia zitumie kutafuta mawazo, na nembo usiikabidhi kwake. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: picha ya pikseli 1024 kwa 1024 ikichapwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) haifiki hata sentimita 9, na si vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika. Ya pili ni ya umiliki. Mwaka 2023 mahakama ya Marekani iliamua kuwa kazi iliyotengenezwa na mashine bila mwanadamu haipati hakimiliki, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2025. Mteja anayejenga biashara juu ya alama asiyoweza kuilinda kwa hakimiliki umemwacha pabaya.

Mteja mwenye chapa iliyokwisha kuzoeleka anahitaji uangalifu kuliko wote. Mwaka 2009 Tropicana, juisi ya Marekani, iliondoa kwenye pakiti picha ya chungwa lililochomekwa mrija. Ndani ya takriban miezi miwili mauzo yakashuka kwa karibu asilimia 20, kwa kuwa wanunuzi hawakuiona tena rafuni, na pakiti ya zamani ikarudishwa. Kabla hujagusa chochote, funika jina la bidhaa kwa kidole na uwaulize watu kumi ni ya nani. Wakitaja rangi, rangi isiguswe. Wakitaja mchoro, mchoro ubaki hata kama unakuchosha wewe.

Na mabadiliko yakiamuliwa, kaa na mteja muorodheshe kila mahali nembo ilipo: mabango, magari, mhuri, ankara, fulana, vifungashio, kurasa za mitandao. Novemba 2024 kampuni ya simu ya Tigo Tanzania ilipobadilika kuwa Yas, kazi haikuwa nembo tu. Ilikuwa pia vibanda na miavuli ya mawakala nchi nzima. Mteja mdogo ana orodha fupi zaidi, lakini fedha zake nazo ni chache. Badilisha kurasa za mitandao zote siku moja. Vifungashio vipya viagizwe akiba ya zamani ikikaribia kwisha. Bango la dukani lisubiri mpaka mchapaji alete kipande cha sampuli, nawe usimame nacho nje juani ukilinganishe na rangi ya kifungashio.