Isandlwana kwanza, halafu Rorke's Drift

Ndugu, umeuliza ukiwa na siku moja tu KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uanzie uwanja wa vita wa Isandlwana au wa Rorke's Drift. Anza Isandlwana, tena asubuhi. Mapigano ya 22 Januari 1879 yalifuata mpangilio huo: Waingereza walishindwa na Wazulu hapo kwanza, na alasiri kikosi kingine cha Wazulu kikavuka mto Mzinyathi na kushambulia kituo cha Waingereza cha Rorke's Drift, chenye walinzi wapatao 150.

Simama upande wa mashariki wa mlima, ilipokuwa kambi, uangalie vilima vya kaskazini. Huko ndiko kilikotokea "kifua" cha jeshi la Wazulu, yaani kikosi cha katikati, huku "pembe" mbili, vikosi vya kando, zikizunguka pembeni kufunga njia. Waingereza hawakujenga boma, na safu yao ilitandazwa mbali mno na kambi. Marundo ya mawe meupe ni makaburi yao. Usiyapande wala kugusa jiwe. Usipite pia bila kuuona mnara wa Wazulu, wenye umbo la isiqu, mkufu wa ushujaa.

Chukua mwongozaji wa hapo hapo, anayesimulia kwa upande wa Wazulu. Bila yeye utaona nyasi na mawe tu, na Rorke's Drift utasikia zaidi habari za nishani 11 za Victoria Cross, tuzo ya ushujaa ya Uingereza, walizopewa walinzi wa kituo. Njia kati ya sehemu hizi mbili ni fupi, ila kuanzia Desemba hadi Februari radi na mvua hupiga mchana na barabara za vumbi huteleza.

Mkilala kwenye nyumba za msonge za Wazulu, mlango ni mfupi: inama. Sehemu ya nyuma, umsamo, ni ya mizimu ya wazee. Usiweke begi hapo.