Mbuni mmoja wa kahawa unaugua, jirani yake mzima

*Mibuni yangu miwili imeachana hatua tatu. Mmoja una unga wa rangi ya chungwa chini ya majani, wa pili msafi. Mke wangu anasema kuna mkono wa mtu. (Lushoto)*

Hakuna mkono wa mtu, ndugu yangu. Hiyo ni kutu ya majani. Ukungu wake huingilia vitundu ambavyo jani hupumulia kwa chini, hasa jani likiwa na maji ya mvua au umande. Na huingia kwenye mibuni yote miwili! Tofauti huanza ndani. Mbuni wenye kinga humtambua mgeni mapema, kisha seli zilizoguswa hujiua. Kutu haili kilichokufa. Inataka seli hai, kwa hiyo hufa njaa palepale mlangoni. Kwenye jani hubaki vidoa vilivyofifia, unga hakuna. Mbuni usio na kinga humlisha mgeni asiyemjua mpaka majani yapukutike.

*Babu anasema kahawa aina ya robusta haiugui kabisa. Kweli? (Muheza)*

Hapo "kabisa" ndipo alipozidisha. Ila robusta huishinda arabika kwa mbali mbele ya kutu. Kisiwani Timor mimea hiyo miwili ilichanganyika yenyewe, na chotara aliyepatikana ndiye chimbuko la aina nyingi zinazostahimili kutu leo. Lakini msilale: kutu nayo hugeuka, na kinga ya jana huweza kupenywa kesho.

*Chulebuni nayo hupitia majani? (Bumbuli)*

La, ugonjwa huo hushambulia tunda likiwa bichi. Tunda la mbuni mstahimilivu hujenga ukuta mgumu kama gome chini ya kidonda. Hubaki kovu.

*Jirani ana miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania. Nikiotesha mbegu zake nitapata kinga ileile? (Korogwe)*

Usijaribu. Watoto wa chotara hawafanani na mzazi. Wengine watatoka bila kinga, nawe utagundua baada ya miaka. Tafuta miche ya vikonyo, yaani iliyooteshwa kwa vipande vilivyokatwa kwenye mti mzazi, ambayo ni mzazi yuleyule.

*Kahawa tunayokunywa hapa barazani ina kutu? (Ngamiani, Tanga mjini)*

Kunyweni. Kutu hukaa kwenye jani. Hasara yake ni mavuno. Kafeini yenyewe ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu na baadhi ya kuvu, kwa hiyo sehemu ya uchungu mnaoutuliza kwa kashata haikukusudiwa nyinyi.